Niliwaombea Wapalestina kanisani, sasa jina langu halimo kwenye zamu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 46, mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Nasali katika usharika wa Kilutheri, na kwa miaka sita nimekuwa kwenye zamu ya kuongoza maombi ya kanisa. Ni kazi ninayoipenda kuliko hata kwaya. Usiku wa Jumamosi nakaa na daftari langu, naandika majina ya wagonjwa, wafiwa, wanafunzi wa mitihani, kisha asubuhi nayasoma mbele za Bwana.

Mambo yalianza Machi 2024, kwenye Siku ya Maombi ya Dunia. Kama unavyojua, kila mwaka wanawake wa nchi moja huandaa ibada yake, na mwaka ule walikuwa wanawake Wakristo wa Palestina. Andiko lilikuwa Waefeso 4, kuchukuliana katika upendo. Shangazi, sitakuficha, mpaka siku hiyo nilidhani Wapalestina wote ni Waislamu. Kumbe pale Bethlehemu penyewe kuna Walutheri, wana wachungaji na shule ya Jumapili, na wamezungukwa na ukuta na jeshi la nchi nyingine. Nililia nikiwa nasoma. Tangu hapo nimekuwa nikiwafuatilia.

Sasa kwenye baraza la wazee tunaye baba mmoja mwenye miaka sabini na kitu, mzaliwa wa hapahapa, mtu wa sala kweli. Mwaka 2018 alikwenda hija Israeli na akarudi na maji ya Yordani na vinyago vya mti wa mzeituni. Mwezi uliopita, kwenye kikao cha Alhamisi, mama mmoja alitaja habari za Gaza, yule Mzee akajibu kwamba wale wanaopigwa wamejitakia. Basi, tukaendelea na ajenda nyingine.

Jumapili yake ilikuwa zamu yangu. Kati ya maombi mengine nilisema: "Ee Bwana, uvunje mkono wa Wayahudi wanaowatesa ndugu zetu wa Palestina, uwape haki katika nchi yao inayokaliwa kwa mabavu." Maneno ya kuvunja mkono yametoka Zaburi ya 10, sikuyatunga mimi. Nilipofumbua macho nilimwona Mzee ameketi palepale pake, benchi la tatu upande wa kulia, ametoa macho.

Kwenye matangazo alisimama. Akasema usharika usimame wote tuyafute maneno yale, maana imeandikwa "akulaaniye nitamlaani", na tumeagizwa kuutakia Yerusalemu amani. Akauliza nani amewalilia vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kule kujifunza kilimo wakauawa Oktoba 7, 2023, Hamas wa Gaza walipoishambulia Israeli. Watu wakasema "Amina". Nikatamani ardhi ipasuke.

Wiki iliyofuata orodha ya zamu ilibandikwa, jina langu halimo. Mchungaji ananiambia, "Tulia mama, upepo upite." Mume wangu anasema mambo ya Waarabu na Wayahudi yana miaka elfu tatu, mimi ni nani. Shemeji yangu naye anauliza mbona hatuombei Goma, hapo jirani Kongo, tunakimbilia kwa wazungu wa mbali.

Nilikosea, Shangazi? Mtu aliye chini ya utawala wa mabavu anaombewaje bila kuonekana unafanya siasa? Na je, nihame usharika?

Mwanao,
Niliyenyamazishwa, Morogoro

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika penseli. Nimepigia mstari mahali pawili ulipopita mbio, kama mtu anayevuka barabara bila kutazama kushoto.

Pa kwanza ni Alhamisi. Mzee alisema lake kikaoni, hukumjibu, siku tatu baadaye ukasimama mbele ya watu waliofumba macho ukamjibu. Na ulipofumbua yako, uliyemtazama wa kwanza ni yeye. Ile sala ilikuwa inapanda juu, au ilikuwa inakwenda benchi la tatu upande wa kulia? Sikuulizi ili nikuumize. Nami nimewahi kumwombea mama mkwe wangu kwa sauti, akiwepo, na Mungu anajua nilikuwa naongea na nani.

Pa pili ni lile neno "Wayahudi". Unasema maneno ni ya Zaburi ya 10. Fungua tena aya ya 15. Zaburi inasema mkono wa mdhalimu. Wewe ukalitoa neno "mdhalimu", mahali pake ukaweka jina la taifa zima, na watoto wao na vikongwe wao. Hapo Mzee alikuwa na haki ya kutoa macho. Jeshi linalolinda vizuizi vya barabarani lina jina, ni jeshi la Israeli. Serikali inayojenga makazi ya walowezi, raia wake wanaohamia ardhi ya Wapalestina, ina jina, ni serikali ya Israeli. Wayahudi ni watu wengine tena, na wamo marabi wa Kiyahudi ambao tangu 1988 wana chama chao cha kutetea haki za binadamu, na msimu wa kuvuna zeituni unapofika huandamana na wakulima wa Kipalestina mashambani ili walowezi wasiwafukuze. Sala yako imewavunja mkono hao pia. Halafu kuna jambo jingine. Zaburi za hasira ni za aliyeumizwa. Mama aliyefukuliwa watoto wake kwenye kifusi cha Gaza akiomba mkono uvunjwe, namwachia na Mungu wake. Mimi na wewe tuliokunywa chai na maandazi kabla ya ibada tusiazime hasira yake.

Nimemaliza kukukaripia. Kwa mengine yote, hukukosea.

Watu wengi wanalisikia neno "ukaliaji", yaani nchi kukaliwa na jeshi la kigeni, kama tusi la kisiasa, kumbe ni jina la hali, kama vile "ukame". Juni 1967, kwenye vita vya siku sita, Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu ya Mashariki na Gaza, na tangu hapo Ukingo wa Magharibi umekuwa chini ya jeshi. Watu wawili wanaishi kwenye kilima kimoja. Mlowezi akishtakiwa anakwenda mahakama ya kiraia, Mpalestina anapelekwa mahakama ya kijeshi. Walowezi sasa ni takriban 700,000. Julai 19, 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilitoa maoni kwamba kuendelea kwa Israeli kukaa katika ardhi hiyo ni kinyume cha sheria. Kutoka Bethlehemu hadi Yerusalemu ni kama kilomita kumi tu, lakini Mkristo wa Bethlehemu anayetaka kusali Pasaka kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu lazima aombe kibali cha jeshi, na anaweza kunyimwa, au mume akapewa na mke akakosa. Hebu fikiria mtu wa Kihonda, hapo Morogoro kwenu, aombe kibali kwa askari wa kigeni ili aje kusali mjini. Ukimtajia Mungu jambo hilo kwa jina lake, hujafanya siasa. Siasa ingekuwa kumficha.

Mume wako anasema ugomvi huu una miaka elfu tatu. Mwambie wenye mashamba yale wana tarehe za karibu zaidi. Kusini-magharibi mwa Bethlehemu kuna shamba la familia ya Nassar, Walutheri kama ninyi. Babu alilinunua mwaka 1916 na hati wanazo. Mwaka 1991 wakaambiwa ni ardhi ya serikali, na tangu hapo kesi inazunguka mahakamani. Mei 2014 matingatinga yaliingia yakang'oa miti ya matunda kwa mamia, wakati wa mavuno. Langoni pao wameandika kwenye jiwe, kwa lugha kadhaa: "Tunakataa kuwa maadui."

Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilikumbuka 1 Wafalme 21, nadhani na wewe umeshafika huko. Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme analitaka, Nabothi anasema huu ni urithi wa baba zangu, barua zinaandikwa kwa muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo wanapatikana, mtu anapigwa mawe kwa utaratibu mzuri kabisa wa kisheria. Bwana anamtuma Eliya. Je, Eliya aliilaani Israeli aliposimama mbele ya Ahabu? Amosi naye? Kama kuikemea serikali ya Israeli ni kuilaani Israeli, basi nusu ya Agano la Kale imelaaniwa, na Mzee aanze kuifuta Biblia yake kabla ya kufuta sala yako. (Usimwambie hivyo. Hilo ni langu mimi na wewe.)

Lakini aya alizozitoa usizikimbie. Mwanzo 12:3 haiishii pale alipoishia yeye, inaendelea hadi "jamaa zote za dunia watabarikiwa", na jamaa za Beit Jala, jirani na Bethlehemu, na Khan Yunis kule Gaza ni jamaa za dunia. Zaburi 122 ndiyo tamu zaidi. Sote tunaijua aya ya 6, "Utakieni Yerusalemu amani", inaimbwa hadi kwenye mabasi ya mahujaji. Aya inayoitangulia, ya 5, inasema huko viliwekwa viti vya hukumu. Mwimbaji aliweka mahakama kwanza, amani ikafuata. Na Bwana mwenyewe alipoukaribia mji huo hakuupigia makofi, aliulilia: laiti ungalijua yapasayo amani. Yeye alizaliwa chini ya ukaliaji, wazazi wake wakiwa safarini kwa amri ya Kaisari. Ile habari ya kulazimishwa kwenda maili moja, wasikilizaji wake hawakuhitaji ufafanuzi, maana askari wa Kirumi alikuwa na uwezo wa kumtwisha mtu yeyote mzigo njiani. Baba Yetu tunayoikariri kwa kusinzia ilifundishwa kwa watu wa namna hiyo. "Ufalme wako uje" masikioni mwa mtu anayetawaliwa na mfalme mwingine si maneno mepesi hata kidogo.

Umeniuliza waombewaje. Njia nzuri ni kuwasikiliza wao wanaomba nini. Desemba 2009 Wakristo wa Palestina, wakiwemo Patriaki mstaafu wa Kikatoliki Michel Sabbah na viongozi wa madhehebu mengine, walikutana Bethlehemu wakatoa tamko lao liitwalo Kairos Palestina. Waliita ukaliaji dhambi mbele za Mungu na wanadamu, wakakataa chuki na kisasi, na kwa makanisa ya ulimwengu waliomba jambo dogo la kushangaza: njooni mwone. Yerusalemu kuna Sabeel, kituo kilichoanzishwa na Kasisi Naim Ateek wa Anglikana. Jina hilo ni la Kiarabu, maana yake njia, ni neno lilelile tunalolisikia katika "fisabilillahi". Hao hutuma sala kila wiki, na Alhamisi saa sita mchana, kila nchi kwa saa yake, watu wanaiomba, kwa hiyo sala inatembea na jua kuizunguka dunia. Beit Jala, watu wa bonde la Cremisan walisali misa kila Ijumaa chini ya mizeituni yao kwa miaka, kuuzuia ukuta. Ukuta ulikuja mwaka 2015. Na bado kule Bethlehemu, Ijumaa, masista na wenyeji hutembea kando ya zege hilo na rozari mikononi. Ukiwaombea, unaungana na ibada ambayo imeshaanza, hukuianzisha wewe.

Sasa vijana wetu wawili. Mzee aliuliza swali la haki na hukulijibu hata kwenye barua hii. Walikwenda kusoma kilimo, wakauawa siku ile pamoja na watu wapatao 1,200, na wengine 251 wakachukuliwa mateka. Mama zao wapo nchini mwetu. Sala inayowataja waliokufa Gaza, zaidi ya 60,000 kwa hesabu za wizara ya afya ya kule, ikawaruka hao wawili, ina tundu. Sisemi mizani ilingane, haiwezi kulingana, na yule anayeomba "amani kwa pande zote" bila kutaja nani anamkalia nani, Yeremia alishamsema: amani, amani, wala hapana amani. Nasema machozi hayagawiwi kwa kadi.

Kwa hiyo nimekuandikia sala. Ibadilishe upendavyo:

"Ee Mungu wa haki, tunawaombea watu wa Bethlehemu, Hebroni, Gaza na Yerusalemu wanaoishi chini ya jeshi wasilolichagua. Mkulima aliyezuiwa kufika kwenye mizeituni yake, umfungulie njia. Mama aliyesimama kizuizini na mtoto mwenye homa, usimwache peke yake. Walio chini ya vifusi, uwakumbuke kwa majina, maana sisi hatuyajui. Tunawaombea Waisraeli waliowazika wapendwa wao, na familia mbili za nchi yetu zilizowapokea watoto wao ndani ya majeneza. Askari kijana aliyeshika bunduki pale kizuizini, umwondolee hofu, umwonyeshe kwamba aliyesimama mbele yake ni mtu. Wanaotoa amri na wanaouza silaha, wakose usingizi mpaka watubu. Ukaliaji huu uukomeshe pasipo damu nyingine kumwagika. Na sisi tusiokaliwa na mtu, utuondolee uvivu wa kujua."

Isome nyumbani kwanza. Mstari wa askari utakushinda mara mbili tatu. Usiuondoe.

Shemeji yako yuko sahihi, ila kwa sababu isiyo sahihi. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na watu wa kule wanasali kwa Kiswahili hikihiki. Huko huna haja ya tamko wala mkalimani, piga simu kwa Mkongomani yeyote mnayesali naye umuulize wiki hii waombewe nini. Lakini mtu anayeitaja Goma pale tu Palestina inapotajwa, muulize yeye mara ya mwisho aliiombea lini.

Kuhama usharika, hapana. Mchungaji anangoja upepo upite, na upepo ukipita jina lako litakuwa limekwenda nao. Mwombe akukutanishe na baraza, umwonyeshe sala imeandikwa, umwambie kuanzia sasa sala zako za mambo mazito utampa asome Jumamosi. Ni unyenyekevu mdogo. Utakufaa, na utamwondolea kisingizio.

Kabla ya hapo kuna safari moja. Umesema Mzee ni mzaliwa wa hapo na ana miaka sabini na kitu. Basi alikuwa kijana Mazimbu, hapo Morogoro, ilipojaa vijana wa Afrika Kusini, ilipokuwa shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, yenye jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu Aprili 6, 1979. Leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na makaburi ya wakimbizi wale bado yapo. Huenda alicheza nao mpira, huenda aliwauzia mchicha. Wakati huo kanisa lenu halikusema mambo ya makaburu ni siasa. Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano mkuu wake Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza, na mkutano huohuo ukatamka kwamba kuukataa ubaguzi ule wa rangi ni suala la kuungama imani. Wapalestina wenyewe, walipoandika tamko lao, jina la Kairos walilichukua kutoka kwa wachungaji wa Afrika Kusini waliotoa tamko lao la Kairos mwaka 1985.

Nenda kwake siku ya kazi, jioni, na usibebe Biblia iliyopigiwa mistari. Mwombe radhi kwa neno moja, lile "Wayahudi". Kwa sala yenyewe usiombe radhi. Kisha muulize habari za Mazimbu, unyamaze umsikilize mpaka chai ipoe. Ukiviona vile vinyago vya mzeituni kabatini, muulize alivinunua wapi. Kama ni Bethlehemu, huenda vilichongwa na Mkristo, maana kazi hiyo kule ni ya familia nyingi za Kikristo, na huenda Mzee ndiye mtu pekee katika usharika wenu aliyewahi kupeana mkono na mmoja wao. Muulize kama anamkumbuka.

Shangazi yako